Meli Ikitia Nanga Kigoma: Kupanga Siku Moja ya Mwambao Bila Kuachwa

Abiria wengi wa meli za Ziwa Tanganyika wanaopata saa chache za kushuka Kigoma huanza kwa kuuliza waende kuona nini. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: meli inang'oa nanga saa ngapi, na kwa saa ya nchi gani?

Tanzania iko mbele kwa saa nzima kuliko Zambia, Burundi na upande wa mashariki wa Kongo. Ukipanda meli Mpulungu, Bujumbura au Kalemie, saa yako ya mkononi itakuwa nyuma ukifika Kigoma. Ukiambiwa meli inaondoka saa kumi na moja jioni, saa hiyo ikigonga getini yako bado inasoma saa kumi. Utakuwa unanunua dagaa huku ngazi ikivutwa. Geuza saa yako kabla hujatoka chumbani.

Simu nayo inaweza kukudanganya. Ukiwa ufukweni, hasa upande wa kaskazini, inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na kurudisha saa nyuma yenyewe. Zima mpangilio wa saa wa kujiendesha na uiweke saa ya Tanzania kwa mkono. Kisha kuna mkanganyiko wa saa za Kiswahili na za kizungu. Tiketi huandikwa 1700, baharia anasema saa kumi na moja, mgeni mwenzako anasikia 11. Rudia ukithibitisha: "Saa kumi na moja jioni, yaani 1700, sivyo?" Usione haya kuuliza mara mbili. Muulize ofisa wa meli mwenyewe, maana mchuuzi wa gatini hawezi kujua.

Hesabu huanzia mwisho

Chukua saa ya kuondoka, rudi nyuma saa moja na nusu. Huo ndio wakati wa kuwa getini mwa bandari, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na watu, kuna foleni ya wapakiaji wenye magunia, na kwa anayevuka mpaka kuna Uhamiaji. Rudi nyuma tena dakika sitini. Hiyo ni saa ya akiba, haiguswi kwa kuogelea wala kwa chakula, na kazi yake ni pancha, mvua na bajaji iliyokosa mafuta. Unachobaki nacho ndicho muda wako wa kutembea.

Mfano: meli imefika saa moja asubuhi na inaondoka saa kumi na moja jioni. Kwenye karatasi hizo ni saa kumi. Ukitoa robo tatu ya saa ya kushuka na kupita getini, saa moja na nusu ya kurudi, na saa moja ya akiba, unabaki na saa sita na dakika 45. Panga kwa hizo tu.

Usipange kwa ratiba iliyoandikwa bali kwa muda ulioshuka kweli. Meli za ziwani hupakia na kupakua mizigo katika vituo vingi visivyo na gati, ambako abiria na magunia huhamishwa kwa mitumbwi, na kila kituo kinaweza kula saa mbili zaidi ya zilizotajwa. Meli ikichelewa kufika kwa saa tatu, usidhani kuondoka nako kutasogezwa kwa saa tatu. Vivyo hivyo kwa anayekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam au Tabora ili kuunganisha na meli: usiweke treni na meli siku moja halafu ukabana na matembezi katikati. Kigoma ni mwisho wa reli tangu mwaka 1914, na kutoka stesheni hadi bandarini ni mwendo mfupi wa miguu, lakini treni ikichelewa muda wote wa matembezi umekwisha.

Kaskazini au kusini, chagua moja

Mji umekaa ndani ya ghuba. Kaskazini yake kuna Kibirizi na, mbali zaidi, Hifadhi ya Gombe yenye sokwe. Kusini kuna Katonga, fukwe za Jakobsen na Ujiji. Kujaribu pande zote mbili kwa siku moja ndiko kunakowaachisha watu meli.

Ukiwa na chini ya saa tatu, nenda Kibirizi tu. Ni kama kilomita mbili kutoka mjini, kwa barabara inayozunguka ghuba kupita maghala ya mafuta. Utaona mitumbwi, vichanja vya dagaa na, mapema mchana, boti za abiria zikipakiwa magodoro, kuku, kreti za soda na watu.

Saa nne hadi tano zinatosha Katonga na Jakobsen. Saa sita na zaidi, ongeza Ujiji.

Gombe tunaisema waziwazi: usiijaribu kwa kituo cha mchana mmoja, isipokuwa kama meli yako inalala Kigoma. Mpaka wa kusini wa hifadhi uko karibu kilomita 16 kutoka mjini, na kituo cha Kasekela, wanakopokelewa wageni, kiko mbele zaidi. Boti za abiria kutoka Kibirizi huondoka karibu na adhuhuri, huchukua saa tatu au zaidi, hazitembei Jumapili, na boti ya kurudi hupita kesho yake asubuhi. Kwa hiyo usafiri huo haumfai mtu wa siku moja. Boti ya kukodi yenye kasi inaweza kufika kwa saa moja hivi, ya mbao yenye injini ndogo kwa saa mbili. Ukifika bado unapaswa kulipia, kupewa mwongoza wageni na kupanda milima kuwatafuta sokwe ambao hawana miadi na mtu. Kuna siku wanapatikana kwa nusu saa, kuna siku kwa saa nne. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata, na mwenye mafua anabakishwa, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

Kisha kuna upepo. Kati ya Mei na Septemba kusi hupuliza kwa nguvu, na mawimbi hukua kadiri mchana unavyosonga. Asubuhi unakwenda Gombe upepo ukiwa mgongoni, unajiona umefika upesi. Mchana unarudi ukiuelekea, chombo kinapiga wimbi kwa wimbi, na safari ya saa moja na nusu inakuwa ya saa mbili na nusu. Hapo ndipo hesabu nzuri ya asubuhi inapovunjika.

Njia ya kusini, hatua kwa hatua

Kodi bajaji au teksi ya siku badala ya kuunganisha daladala. Daladala za Ujiji ni nyingi, lakini za Katonga hungoja zijae, na muda wa kungoja huwezi kuuweka kwenye hesabu. Kodi nje ya geti, si mlangoni hasa ambako bei huanzia juu. Kabla ya kupanda, taja mambo manne: vituo vyote kwa majina, muda wa kusubiri, mafuta ni ya nani, na saa ya kuwa bandarini. Mfano: "Kaka, Katonga, Jakobsen, kisha Ujiji, unirudishe bandarini. Mafuta juu yako. Tuwe getini saa tisa na nusu mchana. Shilingi ngapi yote?"

Jihadhari na neno moja hapo. Ukimwambia dereva "nisubiri saa tatu", wewe unaweza kumaanisha muda wa saa tatu na yeye akaelewa hadi saa tatu asubuhi, akaondoka. Taja saa ya kuonana: "Nitapanda juu kutoka Jakobsen saa sita kamili." Lipa nusu mwanzoni na nusu getini. Chukua namba yake, naye mpe yako, na ujaribu kuipiga papo hapo.

Anza na Katonga, kwa sababu ni kijiji cha asubuhi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na katika nusu ya mwezi yenye giza mitumbwi hurudi ufukweni mnamo saa mbili asubuhi, mamia kwa pamoja. Ukifika saa nne umekosa. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga: siku za karibu na mwezi mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika, na utakuta mitumbwi imelala mchangani na nyavu zinashonwa. Tena ulizia kama uvuvi umesimamishwa. Mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo ruka Katonga, uende moja kwa moja kuogelea.

Watu pale wako kazini. Salimia kwanza, "mwakeye" ya Kiha asubuhi hufungua nyuso haraka kuliko noti. Usisimame kwenye njia ya wabeba matenga, usikanyage dagaa walioanikwa, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Dakika 40 zinatosha.

Jakobsen, ambako pia huitwa Mwamahunga, ni vighuba viwili vidogo vya mchanga chini ya kilima chenye miti, kama kilomita tano kusini-magharibi mwa mji. Njia yake inachepuka kutoka barabara ya Katonga, na kutoka barabarani kushuka kwa miguu ni kama dakika 20. Kupanda wakati wa kurudi hesabu 30, jua likiwa kali na miguu ina mchanga. Kuna kiingilio, na usitegemee kupata chakula. Mvua ikiwa imenyesha njia huteleza, hivyo vaa viatu vyenye kushika. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kula sehemu ya fukwe nyingi za Kigoma, basi picha ya zamani ya mchanga mpana usiifanye ndiyo kipimo.

Fika mapema kwa sababu nyingine pia. Ufukwe huu unatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yako juu ya kilima: kuna kivuli, maji yanaonekana hadi chini, na picha hutoka na rangi ya kweli. Mchana mwanga unakuja usoni na maji yanakuwa kioo. Halafu kumbuka Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua la utosi haliko saa sita bali karibu saa saba. Kipindi cha kuungua ngozi ni saa tano hadi saa tisa. Mtu wa Dar es Salaam anayehesabu kwamba jua la saa nane limeshalegea ataondoka na mabega mekundu.

Kuogelea kwa akili

Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na urefu wa kama kilomita 670. Kwa muogeleaji maana yake ni moja: miambani chini hupotea ghafla. Asiyejua kuogelea abaki kwenye mchanga, maji yasivuke kiuno. Anayejua na mwenye miwani ya kuzamia aende kando ya mawe, ambako samaki wa mapambo wamejaa, wengi wao wa jamii zisizopatikana popote nje ya ziwa hili. Maji ni baridi ya kiasi, hayana chumvi, kwa hiyo hayakubebi kama ya baharini. Waliozoea Tanga au Zanzibar huchoka haraka kuliko wanavyotarajia.

Usiingize mkono katika nyufa za mawe. Fira wa maji huishi humo akiwinda samaki. Si mkorofi, na akikuona huondoka, lakini sumu yake ni kali. Kuhusu mamba, waulize wakazi wa pale pale siku ile ile; wakisema usiingie, usiingie.

Kichocho ni hatari ya kimya zaidi. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, na karibu na vijiji ambako watu hufua na kuoga. Usioge Katonga wala Kibirizi. Mahali pa mawe na maji yanayopigwa na mawimbi pana hatari ndogo, ingawa si sifuri. Ukitoka majini jifute taulo kwa nguvu papo hapo, kisha nenda hospitali ukapime baada ya wiki sita hadi nane. Kunywa dawa siku ileile hakusaidii sana, kwa kuwa prazikwanteli haiui vizuri minyoo ambayo bado michanga.

Ukikodi mtumbwi wa kuzunguka ghuba, fanya hivyo kabla ya saa nne asubuhi. Kagua kabla ya kulipa: jaketi okozi moja kwa kila mtu, likufunge sawasawa kifuani, petroli ya kwenda, kurudi na theluthi ya ziada, kasia mbili, kopo la kukomba maji, plagi ya akiba ya injini. Nahodha asiye na jaketi, achana naye hata kama bei yake ni nusu. Ukiona wingu jeusi limesimama juu ya maji kati ya Novemba na Aprili, rudi. Dhoruba za masika hapa hazitoi onyo la saa nzima.

Chakula, kisha Ujiji

Kutoka Jakobsen rudi kwa njia ya mjini upite mtaa wa Mwanga. Kula hapo. Agiza mgebuka, samaki wa ziwani humu, wa kukaanga au wa kuchoma, ugali wa muhogo na mboga iliyoungwa kwa mawese. Uliza kwanza kipi kiko tayari. Kuchoma samaki mbichi ni dakika 40 ambazo huna. Asiyezoea mawese aanze kidogo, maana tumbo jipya linaweza kugoma na meli ina choo cha kugawana.

Ujiji iko kama kilomita nane kusini mwa mji. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na ndiko wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walikofika mwaka 1858, na Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Pana kumbukumbu na makumbusho ndogo, na miembe inayosemwa ni vizazi vya ule mwembe uliowapa kivuli. Nusu saa inatosha. Wengi hugeuzia hapo, na tunaona wanakosea: teremka mita mia tano zaidi hadi ufukweni, kwa mafundi wa vyombo. Hapo utaona mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu, fundi anachonga ubao kwa tezo na mwingine anatia kalafati, pamba ya kuzuia maji, katikati ya mbao, bila mashine ya umeme. Kwa mtu anayesafiri majini hakuna darasa zuri kuliko hilo. Ukitaka picha, zungumza na fundi mkuu, siyo kijana wa pembeni.

Ujiji ni mji wa Waislamu wengi. Mavazi ya kuogelea yabaki Jakobsen; vaa shati, funga kanga. Ikiwa ni Ijumaa, kati ya saa sita na nusu na saa nane kazi nyingi husimama kwa swala, basi geuza mpangilio, kula wakati huo.

Mkobani

Maji lita mbili kwa kila mtu, tatu wakati wa kiangazi. Chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi za kula Jakobsen. Kofia, taulo, kanga, nakala ya pasipoti au kitambulisho, na pasipoti yenyewe ikiwa unavuka mpaka, isipokuwa imeshikwa na ofisi ya meli. Anayetoka Kongo au Burundi awe na kadi ya homa ya manjano. Noti ndogo za shilingi, kwa sababu bodaboda na mlinzi wa ufukwe hawana chenji ya elfu kumi asubuhi. Pesa za simu zinapokelewa kila mahali, lakini kwa laini ya Tanzania, siyo ya Zambia wala ya Kongo. Usibebe mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Dagaa wanunue mwishoni, ukielekea bandarini. Chukua wa kichanja, siyo waliokaushwa mchangani. Tafuna mmoja: ukisikia kokoto menoni, nenda meza inayofuata. Wawe wakavu wa kuvunjika, wenye kung'aa fedha. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi ndani ya kikapu, wasivute unyevu wala kumkera jirani wa chumba. Mawese yaweke kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, uisimamishe, maana doa lake halitoki kwenye nguo.

Ukifika getini, kamera iingie mkobani. Bandari na reli si mahali pa kupiga picha ovyo, na mabishano na askari hula dakika zile zile ulizozitunza tangu asubuhi. Anayetoka nchini aulize mapema muhuri unagongwa ofisini au ndani ya meli.

Ukishapanda, ikiwa meli inaelekea kusini, shika nafasi upande wa kulia. Ikielekea kaskazini, kushoto. Jua la Kigoma huzama karibu saa moja jioni nyuma ya milima ya Kongo. Kiangazi moshi wa mbuga huificha milima hiyo na kubakisha duara jekundu. Baada ya mvua hewa husafika, na unaweza kuihesabu milima mmoja mmoja.